Sili za Mpira kwa Pampu na Injini

Swali: Pampu ya mkono na injini ya dizeli huko Nuu, Kitui, zinahitaji sili za mpira wa aina gani?

Jibu: Joto la kuzingatia ni la pale sili inapokaa, si la hewa ya nje. Jua la Nuu ni kali, lakini maji ya kisima hayachemki. Pampu ya mkono ya Afridev hutosheka na sili ya nitraili, inayostahimili hadi nyuzi 100 hivi za selisiasi. Nitraili huvumilia pia oili na dizeli. Jua, hata hivyo, huipasua, hivyo sili za akiba zihifadhiwe kivulini.

Kwenye injini uchaguzi ni mgumu zaidi. Kwenye njia za maji ya rejeta hufaa mpira wa EPDM, wa nyuzi 130 hivi, ambao ukiguswa na oili au dizeli huvimba na kulegea. Kwa bahati mbaya sili za nitraili na EPDM huwa nyeusi zote, kwa hiyo muuzaji aulizwe aina, si saizi tu. Penye oili ya moto sana hutumika mpira wa FKM, wa nyuzi 200, japo ni ghali. Silikoni huhimili joto kama hilo, lakini huchanika upesi ikisuguliwa.