Dereva wa lori, usinunue muhuri: nenda ukapimwe

Dereva mzuri wa lori huweza kukueleza ni lini alibadilisha oili ya injini, breki za trela zikoje na ni tairi gani inayohitaji kutolewa. Muulize shinikizo lake la damu ni kiasi gani, na aghalabu hatakuwa na jibu. Lori hukaguliwa kila mara, lakini mwenye kulishika usukani hupita miaka na mikaka bila kukaguliwa.

Wiki hii tutazungumzia uchunguzi wa afya kwa wale wanaotaka leseni ya kuendesha malori. Wengi bado huiita leseni hiyo BCE, ingawa katika mpangilio wa sasa wa NTSA madaraja ya malori huanza kwa herufi C. Makala haya yatawafaa pia madereva wa siku nyingi ambao waajiri wao huwataka wapeleke cheti cha daktari.

Watu wengi huuona uchunguzi huu kama kizuizi cha kuvukwa. Wapo wanaotafuta mtu wa kuwagongea muhuri kwenye fomu bila hata kuvua shati. Hilo ni kosa la aina mbili. Kwanza, kughushi hati ni jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63 ya sheria za Kenya. Pili, na hili ndilo kubwa kwetu katika ukurasa wa afya, anayenunua muhuri hujinyima nafasi ya kugundua mapema ugonjwa ambao ungeweza kutibiwa, naye akaendelea na kazi yake.

Kwa nini lori si sawa na gari dogo

Fikiria barabara ya kutoka Embu kwenda Meru. Ukishapita Runyenjes unaanza kushuka na kupanda mabonde ya mito itokayo Mlima Kenya: Thuci, Nithi, Mutonga na mingineyo. Daraja la Nithi linajulikana nchini kote. Mnamo Julai 24, 2022, basi lililokuwa likitoka Meru lilitumbukia katika bonde hilo na zaidi ya watu 30 wakafariki. Katika miteremko kama hiyo hata dereva mwenye afya kamili, katika gari zima, hana nafasi ya kuchezea.

Sasa fikiria lori lililobeba ndizi kutoka Nkubu, viazi kutoka Kibirichia au majani ya chai yanayopelekwa kiwandani. Uzito wake ni wa tani kadhaa. Dereva akipoteza fahamu kwa sekunde tano tu, lori linalokwenda kilomita 60 kwa saa litakuwa limesonga mita 80 na zaidi bila mwenyewe. Ndiyo sababu mataifa mengi huweka masharti makali zaidi ya afya kwa madereva wa malori kuliko kwa wa magari madogo. Kule Uingereza, kwa mfano, anayeomba leseni ya lori ni lazima apimwe na daktari. Baada ya kufikisha umri wa miaka 45, hupeleka taarifa mpya ya afya kila miaka mitano, na akifika 65 ni kila mwaka.

Daktari atapima nini

Fomu hutofautiana, lakini mambo yanayotazamwa ni yale yale. Tuyachukue moja baada ya jingine.

Macho. Utasimama au kuketi mita 6 kutoka kwenye ubao wenye herufi kubwa juu na ndogo chini, uzibe jicho moja kisha jingine. Asiyejua kusoma hupewa ubao wenye alama ya E iliyogeuzwa huku na huku, naye huonyesha kwa mkono inakoelekea. Matokeo huandikwa kwa namba mbili. Ukiandikiwa 6/6 unaona vizuri. Ukiandikiwa 6/12, maana yake ni kwamba kile ambacho mwenye macho mazuri hukisoma akiwa mita 12, wewe hukisoma ukisogea hadi mita 6. Uingereza humtaka dereva wa lori awe na angalau 6/7.5 katika jicho lililo bora na 6/60 katika lile jingine, na anaruhusiwa kuvaa miwani.

Daktari atatazama pia kama unaona pembeni. Atakuambia umtazame usoni, kisha asogeze vidole kutoka kando na kukuuliza unaviona lini. Usikipuuze kipimo hiki. Presha ya macho, yaani glakoma, huanza kwa kula uoni wa pembeni taratibu bila maumivu, na mgonjwa huendelea kusoma herufi za mbele bila shida. Dereva wa namna hiyo hatamwona mwendesha bodaboda anayetokea kando.

Shinikizo la damu. Kipimo hutoa namba mbili, kwa mfano 120/80. Ikiwa katika vipimo vya siku tofauti namba zako zinafika 140/90 au kupita, una shinikizo la juu la damu. Ugonjwa huu mara nyingi hauna dalili zozote. Huwezi kuujua kwa kuumwa kichwa wala kwa kujihisi. Dalili ya kwanza kwa wengine ni kupooza upande mmoja wa mwili au mshtuko wa moyo, na mambo hayo yakimpata mtu akiwa kwenye usukani huwaua pia wasiohusika.

Kisukari. Mkojo au tone la damu kutoka kidoleni hutosha kuanzia. Ukipimwa asubuhi kabla ya kula na ukapatikana na kiasi cha 7.0 au zaidi, kipimo hurudiwa ili kuthibitisha. Kwa dereva, hatari haiko katika sukari kupanda peke yake. Anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamidi anaweza kushukiwa na sukari ghafla, hasa akikosa chakula cha mchana kwa sababu ya haraka ya safari. Hutokwa na jasho, hutetemeka, hukanganyikiwa na mwisho huzirai. Sukari ikiwa chini ya 4.0, usiendeshe. Egesha lori, kula au kunywa kitu chenye sukari, kisha ungoje angalau dakika 45 baada ya kipimo kurudi sawa.

Kifafa na kuzirai. Hapa daktari hatapima kwa chombo. Atakuuliza, na jibu la kweli ndilo kipimo chenyewe. Aliyewahi kuanguka kifafa hafai kuendesha lori, hata kama dawa zinamtuliza. Uingereza humtaka awe amekaa miaka 10 bila kuanguka na bila kutumia dawa za kifafa. Ni ukweli mchungu kwa kijana aliyekwisha kulipa karo ya shule ya udereva, na ndiyo sababu ni heri umwone daktari kabla ya kulipa karo hiyo.

Usingizi. Mwambie daktari kama unakoroma sana usiku, kama mke wako amewahi kuona pumzi ikikatika ukiwa umelala, na kama unasinzia mchana hata ukiwa umelala saa za kutosha. Huo ni ugonjwa, tena unatibika. Ama kwa mwenye afya aliyekesha, utafiti uliochapishwa nchini Australia na kwingineko tangu mwaka wa 1997 umeonyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hufanya kazi kama aliye na pombe ya kiwango cha asilimia 0.05 katika damu.

Mwisho, daktari atapima masikio, moyo na mapafu, na atatazama kama mikono, miguu na shingo vina nguvu na hugeuka inavyotakikana.

Miraa na dawa za dukani

Katika sehemu za Meru, hasa Igembe, hatuwezi kuzungumza juu ya safari za usiku bila kutaja miraa. Madereva wengi huitafuna ili wasilale. Ni kweli hukesha, lakini miraa hupandisha shinikizo la damu na mapigo ya moyo, na nguvu yake ikiisha, uchovu uliokuwa umefichwa humrudia mtu kwa kishindo. Miraa haiondoi deni la usingizi. Huliahirisha tu, na mara nyingi deni hudaiwa alfajiri, dereva akiwa angali barabarani.

Halikadhalika, mtajie daktari dawa zote unazotumia, zikiwemo zile unazonunua dukani bila kuandikiwa. Baadhi ya dawa za mafua na za kujikuna, kama Piriton, huleta usingizi.

Jinsi ya kujiandaa

Usiende kupimwa moja kwa moja kutoka safari ya usiku. Lala vizuri. Usitafune miraa wala kunywa pombe siku iliyotangulia, na nusu saa kabla ya kupimwa usinywe kahawa wala kuvuta sigara. Nenda haja ndogo kwanza. Keti kimya kwa dakika tano, mgongo ukiwa umeegemea kiti na mkono umelazwa mezani. Mtu aliyepanda ngazi mbio au aliyetoka kugombana na makanga anaweza kupata namba za juu ambazo si zake.

Beba kitambulisho, fomu yenyewe, miwani yako, dawa zako na kadi ya kliniki ikiwa unayo. Mwenye kisukari abebe pia daftari la vipimo vyake. Hakikisha anayekupima ni daktari aliyesajiliwa na aliye na leseni ya kazi ya mwaka huo. Ni haki yako kumuuliza. Mjini Embu na mjini Meru kuna hospitali kubwa za rufaa za kaunti. Wakazi wa kati ya miji hiyo miwili wanaweza kwenda hospitali za misheni za Chogoria na Nkubu.

Jambo moja ambalo huwatia madereva hofu ni virusi vya ukimwi. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi ya mwaka wa 2006 inakataza mtu kulazimishwa kupimwa virusi hivyo kama sharti la kupata kazi. Ukitaka kujua hali yako, na ni vyema ujue, pimwa kwa hiari yako. Majibu ni yako.

Ukiambiwa hujafaulu

Hapa ndipo penye hofu inayowafanya watu wanunue muhuri. Dereva hujiuliza: nikipatikana na ugonjwa, nani atawalisha watoto? Swali hilo ni halali, na jibu lake si baya kama inavyodhaniwa.

Mengi yanayopatikana katika uchunguzi huu hayamalizi kazi ya mtu. Macho dhaifu kwa wengi hurekebishwa kwa miwani. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji mfupi, na mgonjwa huona tena. Shinikizo la damu hushushwa kwa vidonge vya kila siku, kupunguza chumvi, kupunguza uzito na kuacha sigara. Mwenye kisukari anayetumia metfomini pekee ni nadra kushukiwa na sukari. Hata kule Marekani, ambako masharti ni makali, dereva mwenye 150/95 hupewa cheti cha mwaka mmoja ili ajitibu huku akifanya kazi. Anayefika 180/110 ndiye husimamishwa hadi damu itulie.

Kwa hivyo muulize daktari maswali matatu kabla ya kutoka chumbani. Ni nini hasa kilichonizuia? Je, kinatibika? Nirudi lini kupimwa tena? Mwombe aandike majibu hayo. Ukiwa na karatasi hiyo, unaweza kumwendea mwajiri wako na kumwomba kazi nyingine ya muda, kwa mfano katika karakana au ghalani, hadi utakaporudi kupimwa. Kama huridhiki na uamuzi, tafuta maoni ya daktari wa pili. Usitafute muhuri wa pili.

Wapo wachache ambao wataambiwa wasiendeshe lori tena: mwenye kifafa, mwenye ugonjwa mkubwa wa moyo, aliyepoteza uoni wa pembeni. Kwao habari hiyo ni nzito. Lakini uoni ulioliwa na glakoma haurudi, na matibabu huokoa tu ule uliobaki. Aliyegunduliwa mapema angeweza kubaki kazini kwa miaka mingi. Aliyejificha nyuma ya muhuri wa kununua hupoteza macho na leseni pia.

Kwa ufupi

Pimwa kabla ya kulipa karo ya shule ya udereva. Baada ya hapo pima shinikizo la damu angalau mara moja kwa mwaka, na ukifika miaka 45 rudia uchunguzi mzima mara kwa mara, hata kama hakuna aliyekuuliza cheti. Ukianza dawa, usiache kwa sababu unajihisi vyema, na weka vidonge vya siku kadhaa ndani ya lori kwa ajili ya safari ndefu. Siku ambayo macho yanaona ukungu, kifua kinabana au kichwa kinazunguka, egesha lori mahali salama, mwambie utingo, na umpigie simu mwenye mali. Mzigo wa viazi unaweza kufika Nairobi kesho.