Kulihoji Jani: Maswali ya Walimu wa Sayansi

Swali: Shule yetu haina maabara. Tuanze na jaribio gani?

Jibu: Anzeni na wanga. Tafuteni jani laini, kwa mfano la haibiskasi, pamoja na spiriti na iodini ya duka la dawa iliyozimuliwa kwa maji. Lichovyeni jani kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja, kisha zimeni jiko kabisa. Litieni kwenye kikombe cha spiriti, na kikombe hicho kikae ndani ya sufuria ya maji yale ya moto. Spiriti huchemka kwenye nyuzijoto 78 hivi na mvuke wake hudaka moto upesi, kwa hiyo hatua hii aifanye mwalimu mwenyewe. Rangi ya kijani, yaani klorofili, ikishatoka, jani huwa jeupe na huvunjika kirahisi. Lisuuzeni kwa maji ya uvuguvugu lilainike, kisha lidondosheeni iodini. Penye wanga patageuka bluu inayokaribia nyeusi.

Swali: Hapo tumeonyesha kwamba wanga hutokana na mwanga?

Jibu: Bado, na inaniuma kuona vipindi vingi vikiishia hapo. Rangi hiyo inasema tu kwamba wanga upo. Wekeni mche wa kwenye kopo gizani kwa siku mbili ili wanga wa awali utumike, na mpime jani moja kuhakikisha umekwisha. Kisha funikeni sehemu ya jani jingine, likiwa bado kwenye mche, kwa karatasi nyeusi, na muuache mche juani kwa saa kadhaa. Mkilipima jani hilo, palipofunikwa patabaki na ukahawia wa iodini. Katika karne ya 19, Mjerumani Julius von Sachs alitumia iodini kulichunguza jambo hilihili.

Swali: Jani la kitunguu halikubadilika. Tulikosea wapi?

Jibu: Hamkukosea. Majani ya kitunguu huweka sukari badala ya wanga.

Swali: Stomata, yaani vitundu vya jani vya kupitishia hewa, tutazionaje bila hadubini?

Jibu: Zenyewe hamtaziona, ila mtaona zilipo. Tumbukizeni jani bichi katika maji ya moto. Hewa iliyomo hutanuka na kutoka kama viputo, na kwa miti mingi viputo hujaa upande wa chini, ambako jua halipigi sana na maji hupotea kidogo. Kama kuna bwawa karibu, leteni jani la yungiyungi. Hilo huelea, na stomata zake ziko juu. Watoto waandike utabiri wao daftarini kabla jani halijagusa maji.