Jua Lililo Nyuma ya Ukungu: Kinga ya Ngozi na Rangi Yake Wilayani Rungwe

Mgeni afikaye Tukuyu mwezi Julai, akajifunga sweta mpaka shingoni, hushangaa akiambiwa ajikinge na jua. Lakini joto tulihisilo na miale ijeruhiyo ngozi ni mambo mawili. Miale ya urujuanimno haihisiwi. Huongezeka kwa takribani asilimia 10 katika kila mita 1,000 za mwinuko, nayo Tukuyu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari; tena sehemu yake kubwa hupenya mawingu mepesi. Mchumaji wa chai wa Katumba anaweza kurudi nyumbani akitetemeka kwa baridi huku ngozi yake imeungua.

Tabaka la nje la ngozi hufanana na ukuta wa matofali: seli zilizokauka ndizo matofali, na mafuta yaliyo kati yake ndiyo saruji. Miale ikizidi, saruji hiyo huvurugika, maji ya mwilini hupotea, na ngozi huwa kavu na yenye kuwasha. Mafuta ya kukinga jua huuzuia ukuta huo usibomolewe, na losheni iliyoyabeba huhifadhi unyevu. Mafuta ya mgando, yapendwayo sana kwetu, hulainisha ngozi lakini hayazuii jua. Kosa hili tunalikuta mara nyingi, hata kwa wazazi wenye bidii.

Miale ya aina B huunguza sehemu ya juu. Ya aina A huzama zaidi, hupita katika kioo cha gari, na huchochea ngozi kutoa melanini. Ndiyo maana tunasisitiza mafuta ya wigo mpana, yazuiayo aina zote mbili. Namba iandikwayo mbele ya herufi SPF hupima hasa kinga dhidi ya aina B. Namba 30 huzuia takribani asilimia 97 ya miale hiyo, kwa sharti kwamba mafuta yamepakwa ya kutosha: kijiko kimoja cha chai kwa uso na shingo, dakika 15 kabla ya kutoka, kisha kurudia kila baada ya saa mbili au baada ya kutoka jasho jingi. Wengi hupaka robo ya kiasi hicho, kisha hulaumu chupa.

Mama mwenye madoa meusi mashavuni, yaliyoanza labda wakati wa ujauzito, aelezwe wazi kwamba mafuta haya hayaichubui ngozi wala hayabadili rangi aliyozaliwa nayo. Huzuia madoa yasikolee. Kwa ngozi nyeusi hata mwanga wa kawaida uonekanao huyakoleza, hivyo mafuta yenye rangi itokanayo na oksidi ya chuma humfaa zaidi. Mkorogo hufanya kinyume: zebaki na dawa za steroidi zilizomo huikondesha ngozi na kuiacha wazi mbele ya jua lile lile.

Kwa mtu mwenye ualbino jambo hili si la urembo. Melanini yake ni kidogo mno, na saratani ya ngozi humpata akingali kijana. Nchini mwetu mafuta ya Kilisun hutengenezwa Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC, kwa ajili ya watu hawa hasa. Hata hivyo mafuta peke yake hayatoshi kwa ashindaye shambani. Kofia yenye ukingo mpana na shati la mikono mirefu ndivyo vya kwanza, navyo haviishi mwisho wa mwezi.

Mhudumu wa zahanati, mgonjwa huyo ajapo kwa malaria au kikohozi, mwombe avue kofia. Tazama masikio, mdomo wa chini, kisogo na migongo ya mikono. Papasa kwa kidole: magamba yakwaruzayo kama msasa huhisiwa kabla hayajaonekana vizuri. Kidonda kisichopona kwa mwezi mmoja, hata kama hakiumi, kipewe rufaa siku hiyo hiyo.