Nyama ya Ngiri na Nguruwe Pori: Ikaguliwe Kwanza

Tangu Tanzania ilipotunga kanuni za uuzaji wa nyamapori mwaka 2020, mwananchi anaweza kuingia kwenye bucha lenye leseni akanunua nyama ya porini bila kumwogopa askari. Ni hatua njema na ofisi hii ya ukaguzi wa nyama inaiunga mkono. Lakini malalamiko nayo yameongezeka, na linalorudiwa kuliko yote ni kwamba wakaguzi huiweka nyama mpaka inaharibika, na ile wanayoikataa huenda kuila wenyewe.

Tunajibu waziwazi. Nyama iliyokataliwa hukatwakatwa, humwagiwa mafuta ya taa, huchomwa moto na kufukiwa. Mwenye mali anaruhusiwa kusimama pembeni ya shimo hadi udongo wa mwisho urudishwe. Mkaguzi aliyekwisha kuona kilichomo ndani ya nyama hiyo hawezi kuipeleka kwa watoto wake.

Mnyoo usioonekana

Mwindaji akipasua tumbo la swala akakuta minyoo myembamba kama nywele, hushtuka. Wako wanaomtupa mnyama mzima. Kumbe minyoo ile kwa kawaida hukaa tumboni na kwenye utumbo, nayo huondoka na matumbo. Mwindaji huyohuyo akimchuna ngiri, akaona mnofu mwekundu usio na doa, husema hii ni safi, washa moto. Hapo ndipo watu wanapoumia.

Ndani ya mnofu ule safi anaweza kuwemo mnyoo aitwaye trikinela. Kichanga chake kina urefu wa milimita moja hivi, nacho hujikunja kama chemchemi ya kalamu ndani ya uzi wa nyama. Jicho halikioni, pua hainusi kitu, na ulimi hauonji tofauti. Mnyama mwenyewe huwa mnene na mwenye mbio, kwa hiyo usimwamini mtu anayekuambia, "Huyu tulimwona akikimbia, hana ugonjwa."

Mnyoo huu huzunguka porini kwa kulana. Simba, chui na fisi wanao, na utafiti wa Serengeti umeukuta kwa wanyama wa namna hiyo. Nguruwe pori hula mizizi na mazao, lakini akikuta mzoga haupiti. Ngiri naye ni mla nyasi, ila akiukuta mzoga njiani huung'ata. Kisha binadamu humla nguruwe.

Nyama ikifika tumboni mwa mtu, asidi huvunja ganda la kile kichanga. Kinaingia kwenye utumbo mwembamba, kinakomaa kwa siku chache, na jike mmoja huzaa vichanga kwa mamia. Hivi husafiri kwa damu hadi kwenye misuli: ulimi, mashavu, macho, kiwambo kinachotusaidia kupumua. Vikiwa vingi huudhuru hata moyo. Vikishajikunja ndani ya msuli hukaa humo miaka.

Haya si maneno ya kutishia watu. Mlipuko wa kwanza wa maradhi ya mnyoo huu kuandikwa na madaktari katika Afrika kusini mwa Sahara ulitokea kwa jirani zetu Kenya, na taarifa yake ilichapishwa mwaka 1961. Waliougua walikuwa wamekula nguruwe pori. Mwaka 1977 ikachapishwa taarifa ya mlipuko hapahapa Tanzania.

Kwa nini ukaguzi unachelewa

Kipande cha nyama hukatwa kutoka kwenye kiwambo na ulimi wa mnyama, mahali ambapo vichanga hupenda kukaa. Njia ya zamani ni kukikata vipande vidogo kama punje za mchele, kuvibana kati ya vioo viwili vinene na kuvipitia kimoja kimoja kwa hadubini. Njia iliyo bora ni kukisaga, kukitia ndani ya maji ya uvuguvugu yenye asidi na kimeng'enya cha tumbo, na kukikoroga nusu saa. Nyama huyeyuka kama inavyoyeyuka tumboni mwako, na vichanga, kama vimo, hubaki chini ya chombo. Huchujwa, huachwa vitulie, ndipo mkaguzi hutazama. Anayetaka kazi hii iishe kwa dakika tano anaomba muhuri wa uongo.

Kuhusu nani anaruhusiwa kuuza: bucha liwe na leseni, mnyama awe amepatikana kwa mujibu wa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009, na mengine utaelezwa na ofisi ya wanyamapori ya wilaya yako. Wewe mnunuzi dai risiti. Nyama inayokuja usiku kwenye kiroba, nyuma ya pikipiki, haijakaguliwa na yeyote. Usiinunue hata kama muuzaji ni shemeji yako.

Moto, moshi na chumvi

Hapa tunaomba msomaji asome mara mbili. Kubanika nyama juu ya moshi hakuui mnyoo huu kwa uhakika. Kuitia chumvi na kuianika juani hakuuui kwa uhakika. Kuigandisha kwenye friji nako kusitegemewe kwa nyama ya porini. Mama aliyerithi ufundi wa kubanika kwa bibi yake anajua kuhifadhi nyama isioze, na ufundi huo tunauheshimu, lakini kutooza ni jambo jingine kabisa.

Kinachoua ni joto lililofika katikati ya kipande, nyuzi 71 au zaidi. Tunajua jikoni hakuna kipimajoto. Kata vipande vidogo, chemsha mpaka nyama iachane na mfupa, kisha pasua kipande kinene kuliko vyote utazame ndani. Ukiona wekundu, au maji ya damu yakitoka, rudisha chunguni. Mshikaki ulio mweusi nje na mwekundu ndani ni mbichi. Na ile tabia ya mpishi kuonja kipande kabla hakijaiva ili apime chumvi, tunaikataza. Pima chumvi kwenye mchuzi uliokwisha kutokota. Kisu na kibao vioshwe kwa sabuni na maji ya moto kabla ya kukatia kachumbari.

Mbwa nao wasisahaulike, maana wao hueneza mnyoo mwingine. Ukikuta malengelenge yaliyojaa maji kwenye ini au mapafu ya mnyama yeyote, wa porini au wa kufugwa, usimtupie mbwa. Humo hutoka tegu wa mbwa, na mayai yake yakiingia kinywani mwa mtu humwotesha uvimbe huohuo. Turkana, huko Kenya, imeteseka sana kwa maradhi hayo. Choma, fukia.

Ukiisha kula

Ukiwa umekula nyama yenye trikinela, siku ya kwanza au ya pili tumbo linaweza kusokota na kuharisha. Wiki kadhaa baadaye huja homa, maumivu ya misuli, uchovu, na uvimbe kuzunguka macho. Wengi hudhani ni malaria au taifodi, wakanywa dawa za dukani, siku zikapita. Dawa za mnyoo huu zipo, zikiwemo albendazo na mebendazo, na hufanya kazi vizuri zaidi zikianzwa mapema, chini ya uangalizi wa daktari.

Kwa hiyo ukijisikia hivyo nenda hospitali, na mwambie daktari ulikula ngiri au nguruwe pori, lini, na mlikula wangapi. Usimfiche kwa kuogopa kuulizwa kibali. Anayekutibu hana kazi ya kukukamata, na wale mliokula nao chungu kimoja wanahitaji kuitwa wapimwe leo.