Mashindano ya Ngalawa Jioni: Mambo ya Kujua Kabla ya Kutweka Tanga

Wanachuo wenzangu, tangu semista hii ianze nimeulizwa swali lilelile kantini, hosteli na hata kwenye foleni ya kusaini bumu: "Nasikia Jumatano mnashindana ngalawa Kunduchi, na mimi naweza kuja?" Jibu ni ndiyo, karibu sana. Ila kabla hujapanda daladala, soma hapa kwanza.

Kwa asiyejua, mambo yenyewe ni ya kawaida tu. Vipindi vikiisha tunashuka pwani, wavuvi wanaotufundisha wanatuazima ngalawa zilizomaliza kazi ya siku, tunazunguka boya moja na kurudi. Hakuna kombe. Anayeshika mkia anawanunulia wenzake pweza. Raha yake iko hapo, na hatari yake iko hapohapo. Kwa kuwa si mashindano rasmi, hakuna mwamuzi, hakuna boti ya uokoaji, wala mtu aliyeajiriwa kusema "leo basi". Kazi zote hizo ni zetu wenyewe.

1. Hesabu saa kwa kurudi nyuma

Dar es Salaam jua huzama kati ya saa 12:10 na saa 12:50 jioni, kutegemea mwezi. Huku kwetu karibu na ikweta jua hushuka wima, kwa hiyo giza halichelewi: baada ya nusu saa hivi huoni tena kichwa cha mtu majini. Basi usiulize "tutaanza saa ngapi?" Uliza "lazima tuwe mchangani saa ngapi?" kisha rudi nyuma. Sisi tunataka ngalawa zote ziwe zimevutwa juu kabla jua halijazama. Ikifika saa 11:00 hatujaanza, hatuanzi.

2. Jua maji yanakwenda wapi

Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zinasogea mbele kwa dakika 50 hivi. Zidisha kwa siku saba unapata karibu saa sita. Maana yake ni kwamba kama Jumatano hii maji yamejaa saa 10 jioni, Jumatano ijayo saa hiyohiyo yatakuwa yamekupwa. Usikariri ya wiki iliyopita.

Kuna jambo jingine ambalo wazee wa pwani wanalijua bila karatasi. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, pwani yetu maji hujaa kwenye saa 10 jioni. Kwa hiyo muda wetu wa kushindana ni muda ambao maji yanatoka kwa nguvu, na miamba inaanza kuchomoza. Siku za maji mafu mambo hugeuka: jioni maji yanaingia, tena polepole. Mgeni mje siku za maji mafu. Siku za bamvua waachie waliokwishazoea.

3. Upepo: namba ndogo, nguvu kubwa

Waliosoma fizikia watanielewa haraka. Nguvu ya upepo kwenye tanga hukua kwa mraba wa mwendo wake. Upepo ukitoka noti 10 hadi noti 14, nguvu inakaribia kuwa maradufu. Ukifika noti 20, ni mara nne. Kwa macho unaona umeongezeka kidogo tu, lakini demani mkononi inakuambia habari nyingine.

Hatuna kipimo, ila bahari yenyewe inasema. Mawimbi yenye povu jeupe yakianza kuonekana kila upande, upepo umeshapita noti 10. Kwa wanaojifunza, hapo ndipo pa kuishia. Hasa miezi ya kusi, kuanzia Juni hadi Agosti, upepo unaweza kukaza ghafla mchana ukiwa umelala vizuri tu.

Jihadhari zaidi na upepo unaotoka nchi kavu. Karibu na pwani maji yanakuwa yametulia kama ya kwenye beseni, unadhani leo ni shwari. Ukitoka mbali kidogo ndipo unauona ulivyo, na hapo unakusukuma nje. Kurudi itabidi ubishe, na kubisha kunachosha.

Julai mwaka jana tulifika pwani tukamkuta mzee anayetufundisha amekaa juu ya wavu wake, hata tanga hajaligusa.

"Wanangu, leo hapana," alisema.

Mwenzetu mmoja akalalamika: "Mzee wangu, tumekaa foleni ya magari saa nzima!"

"Foleni mtakaa tena Jumatano ijayo. Kaeni hapa mwangalie."

Tukakaa, tumenuna. Kundi jingine la vijana lililokuwa na ngalawa yake likatoka. Saa moja usiku walirudi wakivutwa na boti ya wavuvi, foromali limevunjika, mmoja wao akitetemeka na hawezi kusema. Hakuna aliyekufa. Lakini kama wavuvi wale wangepita njia nyingine, sijui tungekuwa tunaongea nini leo. Tangu siku hiyo tuna kanuni: mtu yeyote, hata wa mwaka wa kwanza aliyekuja jana, akisema "leo hapana", mashindano yanaahirishwa na hakuna anayemcheka.

4. Andika majina, funga jaketi

MV Nyerere ilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, ilikuwa imezidisha watu. Waokoaji walikuwa wanatafuta bila kujua hasa idadi ya waliokuwemo. Ngalawa si kivuko, lakini somo ni lilelile. Kabla ya kutoka, mmoja anayebaki pwani anaandika majina, idadi ya watu kila ngalawa, na saa ya kurudi. Saa hiyo ikipita bila kuwaona, anawaambia wavuvi wenye mashine na kupiga 112. Hasubiri "labda wanakuja".

Jaketi la kuokolea linavaliwa pwani, linafungwa kamba zote, na lina filimbi. Likiwekwa chini ya miguu ni mzigo tu. Najua wapo wanaosema linaharibu picha. Na wewe unayejua kuogelea, usijidanganye: foromali likikugonga kichwani, kuogelea kwako hakuna kazi.

5. Nani ampishe nani

Kanuni za kimataifa ni fupi. Vyombo viwili vya tanga vikikutana, chenye upepo unaokipiga ubavu wa kushoto kinampisha chenye upepo wa kulia. Vyote vikiwa na upepo wa upande mmoja, kilicho joshini kinampisha kilicho demani. Anayepita mwingine kwa nyuma ndiye anayejiepusha. Na mvuvi aliyetega nyavu tunampisha sisi, daima. Yeye yuko kazini, sisi tunacheza.

Kanuni ya kwanza kabisa ya mashindano ya matanga duniani haihusu ushindi. Inasema kila mshindani lazima atoe msaada wote anaoweza kwa aliye hatarini. Ukimwona mtu majini, mashindano yako yamekwisha.

6. Ikipinduka, usiiache

Mwaka 1979 huko Uingereza, dhoruba ilizikuta yoti 303 katika mashindano ya Fastnet. Mabaharia 15 waliokuwa wakishindana walikufa. Yoti 24 ziliachwa na watu wake, lakini zilizozama ni 5 tu. Nyingine zilikutwa baadaye zikielea. Hizo zilikuwa yoti kubwa na ile ilikuwa dhoruba, lakini ngalawa ya mti, hata ikijaa maji, nayo huelea.

Basi ikipinduka, hesabuni watu kwa sauti, shikeni mirengu, pigeni filimbi. Pwani ikionekana karibu, usishawishike kuogelea. Jioni umbali majini unadanganya, na mkondo unakupeleka usikotaka. Chombo kinaonekana kwa mbali kuliko kichwa.

Mtu mmoja akianguka, anayemwona anapaza sauti na kumnyooshea kidole, na kazi yake ni hiyo tu, asiondoe macho. Mwingine anatupa chochote kinachoelea. Nahodha anageuza, anamfikia taratibu kwa kuelekea upepo, na tanga linalegezwa.

Tunachoomba

Kwa sasa tuna majaketi sita, na kila wiki watu wanaotaka kuja ni zaidi ya kumi. Hao wengine tunawarudisha mchangani, na baadhi wanaondoka wamekasirika. Tunaiomba wizara ya michezo ya serikali yetu ya wanafunzi itenge fedha za majaketi kumi kabla kusi haijaanza, na itusaidie kupata masomo ya kuogelea kwa wasiojua. Nauli na pweza tutajilipia.

Anayetaka kuanza, aje Jumatano saa 10. Siku ya kwanza utakaa pwani na daftari la majina. Wote tulianzia hapo.