Mtihani wa Novemba Huanza Januari

Ukimuuliza mtu anayesomea nyumbani pale Maili Moja, Kibaha, au Kisarawe mjini atafanya lini mtihani wa kidato cha nne, atakujibu "Novemba". Karatasi huandikwa Novemba, kweli. Lakini mwanafunzi wa shule ana mwalimu wa taaluma anayemsajili, anayekagua herufi za jina lake na kumkumbusha kila kitu. Wewe mwalimu wa taaluma ni wewe mwenyewe, na kazi hiyo inaanza mapema.

Baraza la Mitihani la Tanzania hufungua usajili wa watahiniwa wa kujitegemea mwezi Januari. Kwa miaka ya karibuni ada ya kawaida imekuwa ikipokelewa hadi mwisho wa Februari, na Machi umekuwa mwezi wa wachelewaji: kidato cha nne shilingi 50,000, ukichelewa 65,000, Mtihani wa Maarifa, huu ambao mtaani kila mtu anauita QT, shilingi 30,000, ukichelewa 40,000. Angalia viwango vya mwaka wako kwenye tovuti ya Baraza kabla hujamkabidhi mtu hela. Wenye vituo vya tuisheni wengi ni waungwana, ila wapo wanaoikusanya ada Januari wakaikumbuka siku ya mwisho, mtandao ukiwa umeelemewa. Dai namba yako ya kumbukumbu ya malipo, na ukishasajiliwa, dai uone kwa macho yako namba ya kituo inayoanza na P, jina lako lilivyoandikwa na orodha ya masomo. Jina lifuate vyeti ulivyo navyo. Mtu aliyemaliza darasa la saba kwa jina la babu na akasajiliwa kidato cha nne kwa jina la baba atazunguka sana baadaye na hati za viapo.

Sasa, nani anahitaji QT? Ni yule aliyemaliza elimu ya msingi lakini hana ufaulu wa kidato cha pili. Kama uliacha shule kidato cha tatu na ulikuwa umefaulu mtihani wa kidato cha pili, tafuta matokeo yako na namba uliyotumia, huenda huna haja ya kurudi nyuma. Kwa asiye nayo, hesabu ni ya miaka miwili, na imekaa vizuri kuliko inavyoonekana. QT hufanywa Novemba, msimu mmoja na kidato cha nne, na matokeo yake hutoka Januari, dirisha la usajili likiwa wazi. Ukifaulu, unasajili kidato cha nne wiki hizo hizo. Anayekuambia utatoka darasa la saba hadi cheti cha kidato cha nne kwa mwaka mmoja anauza maneno.

Kabla ya kuchagua masomo, jua unautaka mlango upi. Chuo cha ngazi ya cheti kinataka ufaulu wa D nne, masomo ya dini hayahesabiwi, na fani nyingine zina masomo yake ya lazima. Mwenye ndoto ya uuguzi hawezi kuikimbia Kemia. Kufanya kidato cha sita kunataka C tatu. Chuo kikuu, kwa njia ya kidato cha sita, kinataka ufaulu wa masomo mawili yenye jumla ya pointi 4, mathalani D mbili za kidato cha sita. Kwenye kidato cha nne D inaanzia alama 30 na C inaanzia 45, na mpango wako wote wa kusoma uko katikati ya namba hizo mbili: masomo gani nayataka kwa C, yapi nayataka yasinipe F.

Daraja huhesabiwa kwa masomo saba, kwa hiyo anayefanya mara ya kwanza asishuke hapo. Anayerisiti anaweza kuchukua yale yaliyomkwamisha tu. Sioni faida ya kubeba masomo kumi ukisomea nyumbani. Mara nyingi ni tamaa ya mzazi. Halafu kuna sayansi. Biolojia, Kemia na Fizikia zina karatasi ya vitendo, na vitendo havisomwi kitandani. Kabla hujalipa, uliza kituo kina maabara gani na wewe utaruhusiwa kuingia lini kufanya mazoezi. Wakikujibu "tutaona", tafuta kituo kingine.

Kwenye mahali pa kusomea ndipo Kibaha na Kisarawe zinapoachana, ingawa zote ni Mkoa wa Pwani. Aliye Kibaha mjini ana Tumbi. Hapo Shirika la Elimu Kibaha, lililoanza mwaka 1963 kwa msaada wa nchi za Nordiki, lina maktaba ya umma na chuo cha maendeleo ya wananchi katika eneo moja. Siku moja ya maktaba kwa wiki, kimya, meza na kiti, inamfaa anayesomea nyumbani kuliko jioni tano za kituo chenye watu sabini na spika. Kwa wasichana waliokatishwa masomo kwa ujauzito au ndoa kuna njia mbili za kuulizia kwanza. Moja ni Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoanzishwa 1975, ambayo kupitia mradi wa SEQUIP imekuwa ikiwafundisha wasichana wa namna hiyo bila ada. Nyingine ni mpango wa Elimu Haina Mwisho wa Karibu Tanzania Organization katika vyuo vya maendeleo ya wananchi, ambako mama husoma na mtoto analelewa hapo hapo chuoni. Nenda ukaulize nafasi za mwaka huu ana kwa ana, usitegemee alichosikia jirani.

Kisarawe ni kubwa na imetawanyika. Wa mjini anashuka Gongo la Mboto kwa daladala na kupata tuisheni. Wa Maneromango, Mzenga au Vikumburu ana simu, madaftari na barabara ya vumbi. Huyu namshauri asihangaike na safari za kila siku. Afanye vitu viwili. Kwanza, apakue vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania kutoka maktaba mtandao yao, bure, siku akifika penye mtandao mzuri. Pili, ajuane na mwalimu mmoja wa sekondari ya kata. Mwaka 2019 Jokate Mwegelo, akiwa mkuu wa wilaya, alianzisha Tokomeza Ziro Kisarawe kwa ajili ya wanafunzi wa shule, lakini karatasi za moko na mazoezi hazina sare. Shikamoo, maelezo mafupi ya shida yako, na ahadi kwamba utazirudisha safi: walimu wengi hawakatai.

Kinachowaangusha wengi wa QT, kuliko Hisabati hata, ni lugha. Umesoma darasa la saba kwa Kiswahili; karatasi karibu zote za kidato cha nne isipokuwa Kiswahili chenyewe na lugha nyingine chache zinakuja kwa Kiingereza, na unajibu kwa Kiingereza. Mtu anaielewa mada ya Uraia vizuri kabisa, anashindwa kujua swali linataka ataje, aeleze au atofautishe. Miezi mitatu ya mwanzo itoe kwa hilo. Andika orodha ya vitenzi vya maswali kutoka mitihani iliyopita, hata thelathini havifiki, na ujifunze kila kimoja kinadai nini.

Kisha shika fomati. Baraza huweka fomati za mitihani kwenye tovuti yake, na huweka pia kitu ambacho wasomaji wa nyumbani hawakijui: taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo. Humo utaona jibu zuri lililoandikwa na mtahiniwa halisi, jibu bovu, na sababu ya kila moja. Kwa asiye na mwalimu wa kusahihisha, hakuna tuisheni inayofikia hiyo. Angalia fomati ya mwaka utakaoketi, kwa kuwa mtaala mpya ulianza kutumika 2024 na mambo yanabadilika.

Chukua karatasi ya Historia au Uraia ya miaka ya karibuni. Ina maswali 11 kwa saa tatu: sehemu A alama 16, sehemu B maswali sita ya alama 9 kila moja, sehemu C insha mbili za alama 15. Dakika 20 kwa A, 15 kwa kila swali la B, 30 kwa kila insha, na zinabaki kumi za kupitia. Fanya hivyo kila Jumamosi ukiwa na saa mezani, kuanzia Juni. Anayeandika insha kwanza kwa sababu anaipenda huishia kuacha maswali mawili ya B, na hizo ni alama 18 ametupa.

Nyumbani nako kuna mazungumzo ya kufanya. Anayesoma akiwa nyumbani huonekana hana kazi, basi anatumwa dukani, kisimani, kumpokea mgeni. Keti na mama, mume au wifi, taja saa zako mbili, na uchague saa ambazo hazigongani na kupika. Ukisema "nasoma siku nzima" hakuna atakayekuheshimu, na wala husomi.

Novemba Pwani ni mvua za vuli. Karatasi ya asubuhi huanza saa mbili, ya mchana saa nane. Anayetoka mbali ahamie kwa ndugu karibu na kituo tangu Jumapili, na aende kukiona chumba siku moja kabla. Simu iache nyumbani, kukutwa nayo kunaweza kukufutia matokeo yote. Ukitumiwa usiku "pepa la kesho" kwenye WhatsApp, zima ulale. Ni feki, na hata isingekuwa feki ingekufuta vile vile. Asubuhi beba kalamu mbili za bluu au nyeusi, penseli, rula, utambulisho wako na chakula cha mchana, maana kati ya karatasi mbili kuna saa tatu na pale nje ya kituo kila mtu atataka kukuonyesha ulikosea wapi. Kaa mbali nao, kula, pitia fomati ya karatasi inayofuata.