Kuku wa urembo: Jifunze hesabu ya jeni kabla ya kulipia jogoo

Matangazo ya kuku wa urembo yamejaa kwenye simu za vijana. Kuna silki mwenye manyoya laini kama pamba, kuna kidimu ambaye manyoya yake yamejikunja kuelekea mbele, na kuna kishingo asiye na unyoya shingoni. Jozi moja huuzwa kwa bei ya kuku kadhaa wa kienyeji, na mnunuzi huhakikishiwa kwamba vifaranga wote watafanana na wazazi. Kwa silki safi ahadi hiyo ni ya kweli. Kwa kidimu si kweli hata kidogo, na si ajabu muuzaji analijua hilo vizuri.

Wakazi wengi hawajasahau kware wa mwaka 2013 na 2014. Mayai yake yalinunuliwa kama dawa ya kila ugonjwa, kisha soko likaanguka na wafugaji wakabaki na vizimba vilivyojaa ndege wasio na mnunuzi. Kuku wa urembo ana nafuu moja: soko likienda mrama, bado ni kuku, analiwa na anataga. Hata hivyo, pesa ya jozi ya kwanza huwa ni ya akiba au ya chama, na haifai kupotea kwa kutojua hesabu ndogo ifuatayo.

Nakala mbili, moja kwa kila mzazi

Sifa nyingi za kuku zinazoonekana kwa macho hutawaliwa na jeni. Kwa kawaida kifaranga hubeba nakala mbili za kila jeni, moja kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Kanuni hii iligunduliwa na Gregor Mendel katika mimea ya njegere, na mwaka 1902 Mwingereza William Bateson akaonyesha kwamba inafanya kazi kwa kuku pia.

Silki ndiye mfano mzuri wa kuanzia, kwa sababu jeni ya manyoya yake hujificha. Manyoya ya pamba hayaonekani mpaka kifaranga apate nakala zote mbili. Mfugaji akimweka jogoo wa silki kwa mitetea ya kienyeji isiyo na damu ya silki, vifaranga wote watatoka na manyoya ya kawaida. Wengi hukata tamaa hapo na kuwapeleka sokoni. Mtu makini atatazama miguu: vifaranga wengi watakuwa na vidole vitano badala ya vinne, kwa maana sifa hiyo ya silki haijifichi. Damu ya silki imo, ila manyoya yanasubiri.

Vifaranga hao huitwa wabebaji. Mbebaji akipandishwa na mbebaji, mtoto mmoja katika kila wanne hutarajiwa kuwa na manyoya ya pamba. Mbebaji akirudishwa kwa silki, hutarajiwa nusu. Hizo ni hesabu za wastani, kama kurusha sarafu. Kuku mmoja aliyeatamia mayai kumi anaweza kutoa silki watano au asitoe hata mmoja. Hesabu hujitokeza vizuri vifaranga wanapokuwa wengi.

Ni jeni za namna hii zinazozua ugomvi wa mtaani kuku wawili wa rangi wanapopata kifaranga mweupe na jogoo wa jirani akalaumiwa. Kuna weupe unaojificha vivyo hivyo, na jogoo huyo huenda hana kosa.

Anayeuziwa kuku kwa jina la mbebaji aombe kumwona mzazi mmoja ambaye ni silki. Akikosa, jaribio lipo: ampandishe kuku huyo na silki. Akitokea kifaranga mmoja wa pamba, ni mbebaji. Wakitoka saba mfululizo wenye manyoya ya kawaida, uwezekano kwamba ni mbebaji aliyekosa bahati tu ni mdogo sana, kwani mbebaji wa kweli hutoa matokeo hayo mara 1 katika 128.

Hesabu hii hii ndiyo inayoendesha biashara ya chatu wa rangi huko Marekani. Chatu wadogo wa Afrika Magharibi huzalishwa huko kwa ajili ya rangi zao, na mbebaji wa weupe wa zeruzeru huuzwa kwa jina hilo ingawa kwa macho hatofautiani na mwenzake wa kawaida. Vijana wanaovutiwa na biashara hiyo wajue kwamba hapa Kenya mnyamapori hafugwi bila kibali, kwa mujibu wa sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, na mahali pa kuuliza ni KWS. Kuku hahitaji kibali hicho.

Kidimu na kishingo

Kidimu ni kinyume cha silki. Nakala moja tu yatosha kuyakunja manyoya. Tatizo linaanzia kwenye nakala ya pili. Kuku aliyepata mbili huwa na manyoya membamba yanayovunjika na kupukutika, akabaki karibu uchi, akiungua jua mchana na kutetemeka usiku. Maana yake ni kwamba kidimu mzuri wa kwenye picha ana nakala moja. Kidimu wawili wa namna hiyo wakipandishwa, robo ya vifaranga hutarajiwa kuwa wa kawaida, nusu kidimu wazuri, na robo wale wa kupukutika. Kidimu kwa kuku wa kawaida hutoa nusu kwa nusu, bila mgonjwa hata mmoja. Kwa hiyo anayetaka kidimu anunue mmoja tu, na mwenzake amtafute miongoni mwa kuku wake mwenyewe. Inapunguza gharama pia.

Kishingo ana faida kuliko urembo. Mwenye nakala moja hupungukiwa na manyoya kwa takriban asilimia 20, na mwenye mbili kwa takriban asilimia 40. Joto humtoka kwa urahisi, hivyo katika maeneo ya joto kali huendelea kula na kutaga wakati wenzake wamejilaza kivulini wakihema. Kumtofautisha ni rahisi: mwenye nakala moja ana kishada cha manyoya mbele ya shingo, mwenye mbili hana au anacho kidogo mno. Mayai yenye nakala mbili huanguliwa kwa kiwango cha chini kidogo, na kwenye nyanda za baridi kuku hao hula chakula kingi ili kujipatia joto. Huko juu, heri kuwaacha.

Jambo la kuangaliwa sana ni kuku wa miguu mifupi anayetembea kama anatambaa. Ipo aina ya ufupi ambayo nakala zake mbili huua kifaranga ndani ya yai siku za mwanzo. Katika mayai 12 yenye mbegu kutoka kwa wazazi wawili wafupi, 3 kwa wastani hayatatoka. Mfugaji hulaumu kiangulio, stima au jicho la mtu, na kumbe sababu ilikuwa kwenye jogoo na mtetea wenyewe. Dawa yake ni ile ile ya kidimu: mfupi apandishwe na mrefu.

Kabla ya kuanza

Mtetea huhifadhi mbegu za jogoo mwilini kwa wiki mbili au zaidi. Jogoo akibadilishwa leo, mayai ya kesho bado ni ya yule wa zamani. Subiri wiki tatu kabla ya kukusanya mayai ya kuangulia, la sivyo rekodi zote zitakuwa za uongo. Kila kuku avishwe pete ya mguuni yenye nambari, na daftari lionyeshe baba, mama, tarehe na idadi ya mayai yaliyoingia na yaliyotoka. Mayai yasikae zaidi ya siku 7 kabla ya kuatamiwa. Yataanguliwa siku ya 21.

Jogoo mmoja hutosha mitetea 10. Asiachwe kuwapanda binti zake ili kuihifadhi sifa. Ndiyo njia ya haraka ya kuzikutanisha nakala mbili, za silki na za kasoro zilizojificha kwa pamoja, na baada ya vizazi vichache utagaji hushuka na vifaranga hudhoofika. Wafugaji wa wadi moja wanaweza kubadilishana majogoo kila mwaka bila kulipana.

Kishingo, kidimu na silki wote huuawa na kideri sawa na kuku mwingine yeyote. Chanjo ya matone ya jicho hurudiwa kila baada ya miezi 3, na ratiba yake huulizwa kwa afisa wa mifugo wa wadi. Kuku mgeni atengwe kwa wiki mbili kabla ya kuchanganywa na wenyeji, hata kama muuzaji ameapa kwamba amechanjwa.